Kikasha cha Msikiti Kilipojaa

Mfanyabiashara mmoja wa Mtaa wa Kongo, muumini wa msikiti wetu hapa Kariakoo, alinisimamisha baada ya swala ya Alasiri akaniuliza kwa upole ni kwa nini kamati haimjibu. Alikuwa ametutumia mara tatu ankara ya mabati aliyotukopesha kwa ajili ya paa la madrasa, na mara zote barua pepe yake ilimrudia. Nilidhani kasoro ni ya mtandao. Nilipofungua kompyuta ya ofisi nikakuta tangazo kwamba nafasi imejaa, hakuna barua itakayopokelewa wala kutumwa. Tangazo hilo lilikuwapo majuma kadhaa. Nilikuwa nimelizoea kama mtu anavyozoea honi za Msimbazi.

Anwani yetu ni ya Gmail, kama zilivyo za familia nyingi. Huduma hiyo ilipoanza Aprili 2004 ilitoa gigabaiti 1, na watu wakastaajabu. Leo mtu hupewa 15 bila malipo, ila si za barua peke yake. Mafaili ya Drive na picha za simu hukaa katika ghala hilo hilo. Tangu Juni 1, 2021 picha mpya zinazopakiwa huhesabiwa humo, na kuanzia 2024 nakala rudufu za WhatsApp za simu za Android nazo zikaingizwa. Ndiyo maana mtu aweza kufuta mamia ya barua fupi asione tofauti yoyote.

Hapo ndipo nilipoona haya. Simu yangu binafsi niliiunganisha na anwani ya msikiti siku niliyokabidhiwa ukatibu, kwa kurahisisha tu. Sehemu kubwa ya ghala ilikuwa video za makundi yangu ya WhatsApp: harusi, mawaidha yaliyorudiwa, mipira. Amana ya waumini ilikuwa imebeba mizigo yangu. Nilimweleza mwenyekiti, nikaihamisha nakala rudufu kwenye anwani yangu mwenyewe na kuondoa video ndani yake, kisha nikaifuta ile ya zamani.

Kwa barua zenyewe, njia nyepesi ni kutafuta zile nzito. Katika sehemu ya kutafutia andika larger:10M, na barua zote zinazozidi megabaiti 10 zitajipanga mbele yako. Ukizifuta, huenda kwenye Tupio na kubaki humo siku 30 zikiendelea kuchukua nafasi, mpaka ulimwage. Ukishalimwaga, basi.

Kwa sababu hiyo hatukulimwaga upesi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na siku hizi deni la Kariakoo huandikwa kwenye simu na barua pepe. Nilikaa na mhazini jioni mbili. Kila barua yenye deni, wakfu, au mambo ya wadhamini waliosajiliwa RITA tuliipakua, tukaichapisha na kuitia jaladani kabla ya kuigusa. Mhazini, ambaye haamini kompyuta hata kidogo, alifurahi mno kuona karatasi.

Kina baba na kina mama majumbani nao walitazame hili. Mtu akifariki, madeni yake hulipwa kabla ya warithi kugawana, na huenda ushahidi wake uko katika kikasha ambacho hakuna aliye hai anayekijua. Akaunti isiyotumika miaka 2 Google yaweza kuifuta pamoja na vyote vilivyomo. Mke au mtoto mkubwa ajue walau anwani ipi ina hesabu za duka.

Ankara ya mabati ilipotumwa mara ya nne ilifika. Mhazini amelipa nusu, na iliyobaki tumeahidi, inshaAllah, baada ya makusanyo ya Ijumaa mbili zijazo.