Stars imevuka, kitanda kimeisha

KIPENGA cha mwisho kililia Rabat, Morocco, Desemba 30 mwaka jana huku ubao ukisoma Taifa Stars 1, Tunisia 1. Bao la Feisal Salum 'Fei Toto' lilikuwa limetosha. Stars ilimaliza makundi ikiwa na pointi mbili na haikuwa imeshinda mechi hata moja, lakini ikaingia 16 bora ya Afcon kwa mara ya kwanza tangu ilipoanza kushiriki mwaka 1980. Angola nayo ilikuwa na pointi mbili na hasi moja ya mabao, ila Stars ilikuwa imefunga matatu, Angola mawili. Bao moja tu.

Aliyekuwa Temeke alitoka nje kushangilia, akarudi kulala kwake. Sasa mfikirie jamaa aliyekuwa jukwaani Rabat. Mechi inayofuata ni dhidi ya wenyeji Morocco, Januari 4, mji uleule. Leo ni tarehe 30. Chumba alicholipia kinaisha kesho saa tano asubuhi, na tiketi yake ya ndege ya kurudi inasema Desemba 31.

Hapo ndipo safari ya shabiki inapogeuka kuwa hesabu. Usiku wa 31, wa 1, wa 2, wa 3 na wa 4. Hizo ni siku tano za kulala ambazo hazikuwa kwenye bajeti, na ya kwanza ni mkesha wa mwaka mpya, siku ambayo vyumba hugombaniwa mji wowote duniani, uwe na mpira au usiwe nao.

HESABU YA WASIO NA IMANI

Tuseme ukweli, mpangilio wa jamaa huyo ulikuwa na mantiki. Stars ilikwenda Morocco haijawahi kushinda mechi ya fainali za Afcon, na kundi lilikuwa na Nigeria, Tunisia na Uganda. Nani angelipia kitanda cha Januari? Shabiki anapanga kwa historia. Mechi tatu, begi, uwanja wa ndege, nyumbani.

Kosa halikuwa kutoiamini timu. Kosa ni kununua chumba cha bei nafuu kisichorudisha pesa. Kwenye mitandao ya kukodi vyumba kuna bei mbili kwa chumba kilekile. Ya chini unalipa leo na pesa imekwenda. Ya juu kidogo unaruhusiwa kufuta bila kukatwa hadi siku chache kabla ya kufika. Mashabiki wengi wanaiona ile tofauti ndogo kuwa wizi. Wazoefu wa mashindano wanaiona kama bima. Wanashika chumba hadi siku ya robo fainali hata kama timu yao ni kibonde, timu ikitolewa wanafuta usiku uleule, na pesa inabaki mfukoni.

Kuna kitu kingine cha kukumbuka hapo. Mwenye nyumba naye anaweza kufuta. Akiona bei za mji zimepaa baada ya ratiba kutoka, ananyofoa nafasi yako na kuiuza upya. Ndiyo maana wajanja hupendelea hoteli au gesti yenye mapokezi na simu inayopokelewa kuliko nyumba ya mtu mmoja, halafu wiki mbili kabla ya safari wanaandika ujumbe kuuliza jambo dogo tu, kama vile muda wa kuingia. Ukimya ukizidi, wanatafuta kwingine mapema.

FEZ SI RABAT

Afcon ya Morocco ilichezwa kwenye viwanja tisa ndani ya miji sita: Rabat, Casablanca, Tangier, Fez, Marrakech na Agadir. Stars ilianzia Fez, Desemba 23, ikalala 2-1 kwa Nigeria. Mechi mbili zilizofuata, 1-1 na Uganda na 1-1 na Tunisia, zilichezwa Rabat.

Miji hiyo miwili haifanani. Fez ya zamani ni kama Mji Mkongwe wa Zanzibar uliokuzwa mara nyingi: vichochoro, kuta, na magari hayaingii. Nyumba za wageni nyingi humo zinaitwa riad, yaani nyumba ya kale yenye ua katikati na vyumba kuuzunguka. Kwenye picha zinapendeza kweli. Ambacho picha haisemi ni kwamba teksi inakushusha langoni, na kutoka hapo begi linabebwa kwa mkono au kwa mkokoteni, usiku, kwenye njia ambayo ramani ya simu inachanganyikiwa. Halafu baridi. Desemba Fez usiku ni baridi ya meno kugongana, na nyumba za kale zilijengwa kupoza joto la kiangazi. Mtu wa Dar aliyezoea kuuliza kama chumba kina feni, huko aulize kama kina hita.

Rabat ni mji wa serikali, una treni na una tramu. Ng'ambo ya mto Bou Regreg kuna Salé, na tramu inavuka mto huo. Casablanca iko chini ya kilomita 100, kama mwendo wa saa moja kwa treni. Ina maana aliyekosa kitanda Rabat hakuwa amekosa mechi. Alitakiwa kuangalia reli. Usitafute chumba kilicho karibu na uwanja, tafuta kilicho karibu na stesheni. Viwanja vikubwa vya sasa mara nyingi viko pembeni ya mji, hivyo aliyelala jirani na uwanja anaweza kujikuta hana hata pa kula usiku, wakati aliyelala dakika tano kutoka stesheni ana miji mitatu ya kuchagua.

Angalizo moja tu: treni ya mwisho. Mechi ya usiku ikienda dakika 120 na penalti, treni haikusubiri. Ratiba ya reli isomwe siku ya kushika chumba. Kuisoma umesimama nje ya uwanja ni kuchelewa.

DOHA, VITANDA BAHARINI

Kama kuna mashindano yaliyofanya kitanda kiwe habari kuliko mpira, ni Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022. Nchi ya watu kama milioni tatu ilitarajia wageni zaidi ya milioni moja ndani ya mwezi mmoja. Hoteli zisingetosha hata kidogo.

Wakafanya kila kitu. Meli za kitalii zikatia nanga Doha na kugeuzwa hoteli. Vikaja vijiji vya mashabiki, safu kwa safu za vyumba vya kontena kwenye uwanja wazi, vitanda viwili na feni au kiyoyozi, kwa kama Dola 200 kwa usiku. Kwa fedha za wakati ule hiyo ni zaidi ya Sh450,000 kulala kwenye boksi! Waliowahi kufika siku za mwanzo, baadhi yao walikuta sehemu za vijiji hivyo bado zinajengwa, malalamiko yakaenda duniani kote na waandaaji wakakubali kuwarudishia pesa walioathirika.

Na kitanda kilikuwa sehemu ya ruhusa ya kuingia. Bila kadi ya Hayya hukuingia nchini wakati wa mashindano, na mgeni wa kukaa zaidi ya siku moja alitakiwa kuonyesha anapolala. Sasa hapo ndipo watu wa ukanda huu walipokuwa na njia ambayo Mwingereza hakuwa nayo.

Kwanza, mkazi wa Qatar aliruhusiwa kusajili ndugu na marafiki hadi 10 walale kwake. Doha imejaa Wakenya wanaofanya kazi huko, na Watanzania wapo. Godoro sebuleni kwa mshikaji lilikuwa halali kabisa kwa karatasi, mradi amekusajili. Pili, zilipangwa ndege za siku ya mechi kutoka miji ya jirani: Dubai, Muscat, Riyadh, Jeddah na Kuwait. Unaondoka asubuhi, unaangalia mpira, unarudi usiku. Aliyekuja hivyo kwa siku moja hakudaiwa kitanda cha Doha.

Muscat! Kule Kiswahili kinazungumzwa majumbani, familia nyingi zina mizizi Unguja na Pemba, na Oman iliwapa wenye Hayya viza ya bure. Mzanzibari mwenye shangazi Muscat alikuwa na kitanda, chai ya maziwa asubuhi na ndege ya saa moja na nusu kwenda kwenye Kombe la Dunia. Ni wazi shangazi naye ana gharama zake: huwezi kwenda mikono mitupu. Lakini kilo mbili za karafuu si Dola 200 kwa usiku.

Jambo zuri la Qatar lilikuwa udogo wake. Viwanja vinane vyote vilikuwa ndani ya eneo ambalo kutoka kimoja hadi cha mbali kabisa ni kama kilomita 75. Ukipata kitanda kimoja, umemaliza mashindano yote.

SAN PEDRO HADI KORHOGO

Ivory Coast ilikuwa kinyume chake. Afcon ya 2023, iliyochezwa Januari na Februari 2024, iliipeleka Stars San Pedro, mji wa bandari na kakao kusini magharibi mwa nchi. Ikapigwa 3-0 na Morocco, kisha sare ya 1-1 na Zambia, ile ambayo Simon Msuva alifunga mapema na Patson Daka akasawazisha dakika za lala salama huku Zambia ikiwa pungufu. Mechi ya tatu na DR Congo? Korhogo. Kaskazini kabisa, upande wa pili wa nchi, siku tatu baadaye.

Miji hiyo haikuwa na vyumba vya kutosha hata kwa timu, ndiyo maana serikali ilijenga vijiji vya nyumba mahususi kwa ajili yao. Shabiki hakujengewa. Kwenye mji wa namna hiyo mitandao ya kukodi vyumba inaonyesha hoteli chache, zinajaa siku ya droo, na kinachobaki ni kumjua mtu: mfanyabiashara, mwanafunzi, paroko, imamu, yeyote anayeweza kusema kuna nyumba ya fulani ina chumba.

Ndiyo maana mashabiki wanaosafiri kwa kundi hufanikiwa kuliko wanaosafiri mmoja mmoja. Watu wanane wanaweza kukodi nyumba nzima, kupika, kukodi gari dogo la kuwavusha nchi. Tatizo la kundi ni mweka hazina. Pesa za chumba zikikaa kwa mtu mmoja bila risiti, safari huvunjika kabla ya mechi ya pili.

Utapeli nao upo kila mashindano na hauna ubunifu. Mtu anakutumia picha za nyumba nzuri kwa WhatsApp, bei iko chini ya wengine, anataka utume nusu leo kwa sababu kuna Wanigeria wawili wanaitaka. Ukimwambia muonane kupitia mtandao wenye ulinzi wa malipo, anakasirika. Mwache akasirike.

Kwa Kombe la Dunia linaloanza Juni 11 mwaka huu, mechi 104 kwenye miji 16 ya Marekani, Canada na Mexico, kitanda ni tatizo la pili. La kwanza ni viza na la tatu ni ndege za ndani, maana kutoka Vancouver hadi Miami si safari ya treni ya jioni.

SAFARI HII NG'AMBO NI JIRANI

Afcon ya 2027 ni ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Shabiki wa Mbagala hatahitaji viza kwenda Nairobi wala Kampala, basi lipo, na Kiswahili cha kuulizia chumba anacho. Lakini mambo ya Rabat yatajirudia. Stars ikivuka kundi inaweza kulazimika kuvuka mpaka, na mashabiki elfu kadhaa watataka kitanda Nairobi ndani ya siku nne au tano.

Uganda, mbali na Namboole, ina uwanja mpya Hoima, mji wa mafuta magharibi, kama kilomita 200 kutoka Kampala. Nairobi ina hoteli nyingi, lakini Kasarani na mtaa wa kulala vinaweza kutenganishwa na foleni ya saa mbili. Huko hakuna tramu ya kukuvusha mto.

Jamaa wa Rabat ana binamu yake Kayole ambaye hawajazungumza tangu msiba wa 2021. Huu ndio mwaka wa kumpigia, wala asianze na habari za mpira.