Kiwanja cha watoto Kicukiro: wanaokichezea nao waulizwe

KIGALI. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, magari hupungua barabarani na majembe hutoka majumbani. Ni umuganda. Wilayani Kicukiro, kama kwingineko Rwanda, wakazi hufyeka, huzibua mitaro na hutengeneza njia za mtaa. Kazi ikiisha hukusanyika na kujadili mambo ya mudugudu wao.

Anayetaka kufufua kiwanja cha watoto hana haja ya kutafuta mahali pengine pa kuanzia. Majirani wapo, vifaa vipo, kiongozi wa mudugudu yupo. Asiyekuwepo ni mwenye kiwanja. Umuganda ni wajibu wa watu wa miaka 18 hadi 65. Mtoto wa miaka tisa, anayekanyaga udongo ule kila jioni, hamo katika hesabu. Basi watu wazima humwamulia, na mara nyingi huamua mambo mawili: uzio na magoli.

Nafasi yenyewe si ya kuchezea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 318,564 Kicukiro. Ile ya 2022 ikakuta 491,731. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu 173,000 katika miaka kumi, katika mji wa vilima ambako ardhi tambarare inatakiwa na kila mtu: mwenye kujenga, mwenye duka, mwenye gari. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, uwanja wa wazi hauchukuliwi kwa siku moja. Kwanza linamwagwa rundo la mchanga pembeni, kisha kinasimama kibanda, na baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka goli lilikuwa wapi.

Mtoto anajua mambo ambayo ramani haionyeshi. Anajua upande ambao mpira hutoroka na kuteremka hadi mtaroni, na pale maji ya mvua yanapotuama. Anajua pia ni nani hufukuzwa. Uwanja ukiwa wote wa soka, wavulana wakubwa huumiliki, na wasichana wenye kamba zao hubaki ukingoni pamoja na wadogo. Kuwatengea sehemu yao hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji mtu wa kuwauliza kabla ya udongo kusawazishwa, si siku ya kukata utepe.

Wazee nao wana lao la kusema, na Kicukiro hilo si jambo la adabu tu. Katika shule ya ufundi ya ETO, zaidi ya Watutsi 2,000 walikimbilia ulinzi wa askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Askari hao waliondoka tarehe 11 Aprili 1994, na wengi wa waliobaki wakapelekwa kilima cha Nyanza na kuuawa. Baadaye, kwa miaka mingi, kriketi ya Rwanda ilichezwa katika uwanja wa shule hiyohiyo, hadi uwanja mpya wa Gahanga, nao wa Kicukiro, ulipofunguliwa 2017. Katika wilaya yenye historia hiyo, kuuliza ardhi imebeba nini kabla ya kuweka bembea ni sehemu ya kazi.

Jirani yetu Kenya ana mfano wa kuazima. Silanga, ndani ya Kibera, Nairobi, ni miongoni mwa viwanja vya kwanza kupangwa upya katika ushirikiano ulioanza 2012 kati ya UN-Habitat na kampuni ya Mojang. Vijana wa mtaa walikaa mbele ya kompyuta na kuujenga uwanja wao katika mchezo wa Minecraft. Mchezo wa kompyuta unaweza kuonekana anasa kwa mtaa maskini, lakini ulikuwa na faida moja kubwa: kijana asiyejua kusoma mchoro wa mhandisi aliweza kuonyesha anachotaka, na mhandisi akaelewa. Kwa Kicukiro, udongo, vijiti na vizibo vya chupa juu ya meza vingetosha.

Kibera hiyohiyo, shirika la Kounkuey Design Initiative limefanya kazi na vikundi vya wakazi tangu 2006, likiweka sehemu za kuchezea pamoja na vyoo, maji na biashara ndogo, ili mapato yasaidie matunzo. Hapo ndipo viwanja vingi hufia. Bembea hufungwa kwa shangwe, mnyororo hukatika, na haijulikani nani atanunua mwingine. Kicukiro umuganda unatoa mikono kila mwezi, lakini mikono hainunui mnyororo. Swali la fedha za matengenezo linafaa kujibiwa katika mkutano uleule unaochagua mahali pa bembea.

Rwanda haianzi sifuri katika kuwasikiliza watoto. Mkutano wa kitaifa wa watoto ulianza 2004, na kamati za watoto zimeundwa kuanzia ngazi ya mudugudu. Kinachobaki ni kuwaita wajumbe hao wadogo siku ya umuganda, baada ya saa tano, na kuwaacha watembee uwanjani wakionyesha kwa kidole: hapa maji, hapa mpira unapotea, hapa tunakaa kivulini.