Kwa Nini Kumwomba Ajuaye Haja Zetu

Yapo maswali ambayo Mkristo huyachukua moyoni miaka mingi pasi na kuyatamka mbele ya padri au mchungaji wake, kwa kuchelea kudhaniwa kuwa imani yake imelegea. Na katika hayo lililo zito kupita yote, kwa rai yangu, ni hili: ikiwa Mwenyezi Mungu azijua haja zetu kabla hatujafumbua kinywa, kama Bwana Yesu mwenyewe alivyowaambia wanafunzi wake papo hapo alipokuwa akiwafundisha kusali, basi tumwombe ya nini? Wenye haraka hujibu kwamba twasali kwa kuwa tumeamrishwa. Jibu hilo si la uongo, lakini halimtoshelezi muulizaji, maana amri ya mwenye hekima haikosi sababu.

Jibu lililo bora, nami sijaona hata leo lililolishinda, limo katika waraka ulioandikwa yapata mwaka 412 na Agostino, askofu wa Hippo, mji wa pwani ya kaskazini ya Afrika ambao siku hizi huitwa Annaba, katika nchi ya Aljeria. Aliyeandikiwa ni Proba, mjane wa ukoo wa Anicii, mojawapo ya koo tajiri na tukufu kabisa za Roma, ambaye marehemu mumewe alipata kuwa konsuli, na ambaye, baada ya Wagothi kuuteka na kuupora mji ule mwaka 410, alivuka bahari pamoja na mkazamwana wake na mjukuu wake, akakimbilia Afrika. Bibi huyo hakutaka kuliwazwa. Alitaka kufundishwa kusali, tena alikuwa na wasiwasi kwa sababu ya neno la Mtume Paulo kwamba sisi wanadamu hatujui kuomba jinsi itupasavyo.

Agostino hakuanza na maneno ya sala, bali alianza na mtu mwenyewe asaliye, akamtaka Proba, pamoja na utajiri wote uliomsalia, ajihesabu kuwa mkiwa katika dunia hii mpaka atakapoipata heri isiyopotea. Alipokuja kwenye swali la kuomba nini, alijibu kwa maneno machache: aombe maisha ya heri. Wala hakumkataza kuomba afya, urafiki, na riziki ya kutosha, mradi asitake zaidi ya kiasi hicho kwa ajili ya fahari.

Kisha akaja kwenye kiini cha mambo. Hatusali, asema, ili kumjulisha Mungu asilolijua, bali ili shauku yetu izoezwe, tupate kuwa na uwezo wa kupokea anachotuandalia. Kwa kuwa kipawa chenyewe ni kikubwa mno, na nafasi iliyomo ndani yetu ni finyu. Katika mahubiri yake juu ya Waraka wa Kwanza wa Yohana alilieleza jambo hilohilo kwa mfano wa kiriba: mtu akijua kwamba atakachokitia ni kingi, hukivuta na kukitanua kwanza. Ndiyo maana pia ya kuwekewa saa na maneno, kwani shauku isiyoamshwa mara kwa mara hupoa katikati ya shughuli za dunia, na mwisho huzimika kabisa. Awasifu ndugu wa Misri, waliokuwa wakisali sala fupi fupi lakini nyingi, wasije wakachoka na mawazo yao yakatangatanga. Na apambanua wazi kati ya kusali sana na kusema sana. Natamani sehemu hiyo isomwe katika mikesha yetu, ambamo pengine kipaza sauti huutangulia moyo.

Lakini mwenye kutaka kuona fundisho hilo likitenda kazi na amtazame Monika, mamake Agostino. Mwaka 383 kijana wake aliazimia kuhama Karthago aende Roma, naye mama akamshika asimwachie, akitaka ama arudi naye nyumbani ama wasafiri pamoja. Mwana akamdanganya kuwa anamsindikiza rafiki yake tu, anayengojea upepo wa kusafiria, akamshawishi alale katika kanisa dogo la kumkumbuka Mtakatifu Sipriano, karibu na bandari. Usiku kucha mama alilia na kumsihi Mungu amzuie mwanawe asisafiri. Upepo ukavuma, matanga yakajaa, na kulipokucha mama hakumwona tena mwana. Hata hivyo safari hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha Agostino Milano, mbele ya Askofu Ambrosi, aliyembatiza siku ya Pasaka mwaka 387. Katika kitabu chake cha Maungamo, mwana mwenyewe aandika kuwa Mungu alimnyima mama alichokiomba usiku ule ili ampe alichokuwa akikiomba sikuzote.

Hapo mpinzani atadakia kwamba, ikiwa sala humbadilisha mwenye kusali tu, basi ni mazoezi ya nafsi, yangefaa hata pasipokuwa na wa kuyasikiliza. Hoja hiyo ina nguvu, na waraka wa Agostino haukuiingia kwa marefu. Aliyeijibu kwa tartibu ni Toma wa Akwino, katika karne ya 13, aliposema kwamba Mungu katika majaliwa yake hakuyapanga matukio peke yake, bali pamoja na sababu zake, na miongoni mwa sababu hizo yamo matendo ya wanadamu, na sala imo. Hatuombi ili kuigeuza irada ya Mungu. Twaomba ili tupate yale aliyokusudia tangu azali yapatikane kwa kuombwa.

Wala Agostino mwenyewe hakudhani kuwa Proba anafanya mazoezi ya nafsi yake tu. Mwishoni mwa waraka, baada ya kumfundisha mengi, yeye askofu amsihi mjane huyo mkimbizi asizembee kumwombea, na asimstahi kwa ajili ya cheo chake hata akamnyima msaada ambao anajua kwamba anauhitaji.