Njia za Matundu Madogo katika Upasuaji wa Saratani ya Utumbo Mpana

Saratani ya utumbo mpana ambayo haijasambaa hutibiwa hasa kwa upasuaji. Daktari hukata kipande chenye uvimbe pamoja na mishipa ya damu na tezi za limfu zinazokihudumia, kisha huunga ncha mbili zilizobaki. Tezi zisizopungua 12 hupelekwa maabara ili ijulikane ugonjwa umefikia wapi. Kazi hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni njia ya kuingilia tumboni.

Katika laparoskopi, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake uinuke. Kamera na vifaa vyembamba hupitishwa kwenye matundu madogo, na daktari hufanya kazi akitazama skrini. Mwishoni, kipande kilichokatwa hutolewa kwenye mkato wa sentimita chache uliozungushiwa plastiki, chembe za saratani zisiguse kidonda.

Njia hii ilipoanza kuripotiwa mwaka 1991, ilihofiwa kwamba saratani ingechipuka kwenye matundu. Utafiti wa wagonjwa 872 wa Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2004, ulipunguza hofu hiyo: baada ya miaka mitatu ugonjwa ulirudi kwa asilimia 16 ya waliofanyiwa laparoskopi na asilimia 18 ya waliopasuliwa kwa mkato mrefu. Upasuaji wenyewe ulichukua dakika 150 badala ya 95, lakini wagonjwa walikaa hospitalini siku 5 badala ya 6.

Daktari pia anaweza kuingiza mkono mmoja kupitia mkato unaoutosha. Hapo hupapasa uvimbe kwa vidole, ingawa kovu huwa kubwa kidogo. Kinyume chake ni tundu moja tu kitovuni: kovu halionekani sana, ila vifaa hugongana.

Kwa roboti, daktari huketi pembeni akiongoza mikono ya mashine, ambayo ncha zake hupinda kama kifundo cha mkono na haitetemeki. Faida hutarajiwa zaidi kwenye nafasi finyu ya nyonga, lakini gharama ni kubwa. Hata huko, utafiti wa mwaka 2017 wa saratani ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo, iliyo ndani ya nyonga) uliohusisha wagonjwa 471 haukuthibitisha kwamba roboti hupunguza haja ya kugeukia mkato mrefu.

Mkato huo bado hutumika utumbo unapotoboka, uvimbe unapong'ang'ania viungo vingine, au makovu ya zamani yanapoziba njia. Kwa hiyo uchaguzi hutegemea hali ya mgonjwa, vifaa vilivyopo na uzoefu wa daktari.