Usikaze Hiyo Skrubu

Swali ni lilelile, na linakuja kila wiki: "Fundi, Land Cruiser yangu usukani unacheza. Nikaze skrubu ya boksi la stelingi mizunguko mingapi?" Hakuna anayeuliza kama kweli ni boksi linalocheza. Hukumu imeshatolewa, mimi naitwa tu kupima urefu wa kamba.

Jibu ni sifuri. Hujapima kitu, usikaze kitu.

Naelewa kwa nini skrubu hiyo inapendwa. Iko juu ya boksi, inaonekana bila kulala chini, inahitaji spana moja na bisibisi. Tena ukiikaza, mchezo unapungua kweli. Mteja anazunguka na gari kwenye eneo la gereji, anatabasamu, analipa. Fundi naye ameshinda siku. Gari likirudi baada ya mwezi, linakazwa tena.

Sasa tazama kinachotokea ndani. Kwenye Land Cruiser za 60 na 70, usukani unazungusha shafti yenye mifereji. Ndani ya mifereji kuna mipira midogo ya chuma inayobeba nati kubwa, na nati hiyo ina meno yanayosukuma meno ya shafti ya kutokea nje. Skrubu yako inafanya kazi moja tu: inasogeza shafti hiyo ya nje ili meno yakaribiane. Beringi za ile shafti yenye mifereji zikiwa zimelika, skrubu haizigusi. Bolijointi, bushi na kingipini ndiyo kabisa, haina habari nazo.

Na meno hayo hayakuchongwa ovyo. Yamechongwa yabanane kidogo usukani ukiwa katikati, yalegee kidogo unapokata kona. Gari hukaa katikati muda mwingi wa maisha yake, kwa hiyo meno ya katikati ndiyo yanayolika, ya pembeni yanabaki karibu kama yalivyotoka kiwandani. Ukikaza mpaka katikati pabane, pembeni umekwisha kupafunga. Toka Mto wa Mbu upande ule ukuta wa Bonde la Ufa, kata kona ya kwanza, halafu legeza mikono: usukani haurudi. Gari linaendelea kukata kuelekea bondeni na wewe unalirudisha kwa nguvu. Ulikuwa na gari linaloyumba kidogo, sasa una gari lisilorudi. Ukizidi kulazimisha, mipira na mifereji yake inapata vishimo, na boksi lililokuwa na miaka kadhaa mbele yake linakuwa chuma chakavu.

Kuna ujanja mwingine unaoniudhi zaidi kwa sababu hauonekani. Usukani umekaa upande gari likiwa linakwenda moja kwa moja. Badala ya kurekebisha urefu wa dragilinki, fito inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye magurudumu, fundi anachomoa usukani, anaurudisha ukiwa umenyooka, kazi imekwisha. Macho yamefurahi, lakini boksi sasa linafanya kazi nje ya kitovu chake, pale ambapo meno yaliachwa yalegee makusudi. Hata boksi jipya litacheza ukilifunga hivyo. Hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia dragilinki ikiwa imefunguliwa, rudi nusu: hapo ndipo katikati ya boksi, na hapo magurudumu yawe yametazama mbele.

Shokabu ya stelingi? Inameza mtikisiko tu. Barabara ya Naabi kwenda Seronera kule Serengeti, yenye mawimbi yale yanayong'oa meno, itaifanya ionekane dawa kwa wiki chache huku tairodi ikizidi kulika nyuma ya pazia. Kabla ya kununua mpya, fungua ya zamani uendeshe polepole bila hiyo. Mtikisiko ukizidi, umepata ushahidi kwamba kuna ugonjwa mahali pengine.

Haya, kupima. Magurudumu yakae chini, yasinyanyuliwe na jeki. Mtu mmoja aketi kwenye usukani, injini ikiwa inaunguruma kama stelingi ni ya pawa, gia iko huru, breki ya mkono imevutwa na magurudumu yamewekewa vizuizi. Auchezeshe usukani kushoto na kulia, kidogo tu. Wewe lala pembeni, nje ya njia ya magurudumu, fuata mwendo kutoka juu kwenda chini kwa macho na kwa vidole: jointi ya shafti ya usukani, mkono wa boksi, dragilinki, tairodi. Mahali ambapo kipande kimoja kinakwenda na cha pili kinachelewa, hapo ndipo penye mchezo. Tazama boksi lenyewe linavyokaa kwenye chesisi. Boliti zilizolegea au ufa pale linapofungwa ni vitu vya kawaida kwenye gari la mizigo na vumbi. Kisha nyanyua ekseli, weka stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu. Ukibaki, ni kingipini.

Matengenezo sasa, kwa haraka, maana ukishajua pa kugusa kazi ni nyepesi. Bolijointi iliyolika inatupwa. Anayeigonga kwa nyundo ili ibane au kuichomelea mfukuze. Beringi za kingipini zibadilishwe zote nne, na shimu zipangwe upya kwa kupima uzito wa kugeuza, si kwa kukisia. Bushi za springi, na kwenye Land Rover Defender bushi za fito za ekseli, badilisha kwa jozi. Kama gari limenyanyuliwa kwa springi ndefu na linazurura barabarani bila mchezo wowote, ekseli imepoteza mlalo wake: weka kabari au bushi za kusahihisha. Upepo wa matairi, angalia kwanza kuliko vyote, ni bure. Alaimenti mwisho, kamwe si mwanzo.

Na kama ni boksi kweli? Fungua dragilinki, weka boksi katikati, kaza kidogo kidogo, kila mara uzungushe usukani mwisho hadi mwisho. Likibana popote, rudisha nyuma. Seti ya sili za kuzuia oili haiondoi mchezo, usiuziwe kwa ahadi hiyo. Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, kutafuta la mtumba, lizungushe kwa mkono kabla hujatoa hela, na uliza lilitoka kwenye gari lenye usukani wa upande gani: mengi hupitia Dubai, ambako dereva hukaa kushoto, na boksi la kushoto halitafunga kwenye gari lako.