Chumvi Inashuhudia: Namna ya Kutafuta Gazi Ndani ya Potopoto ya Bahari



Siku moja darasa la sita tulikuwa tukisoma namna ya kupima kloruri kwa nitrati ya fedha. Mmoja wetu akauliza: «Mambo haya yatatusaidia nini siye watu wa Kasongo na Kabambare? Chumvi tunainunua sokoni, basi!» Wengi wakacheka. Lakini ulizo lilikuwa la kweli. Mtihani wa Serikali unatungoja, na mtu anachoka kukariri kitu asichojua kazi yake. Kwa hiyo tumetafuta jibu.

Tuanze na mto wetu. Luama inapita Kabambare na kumwagikia Lualaba. Lualaba inashuka Kindu, Ubundu na Kisangani, inapata jina la Kongo, halafu inafika baharini Banana. Mvua ikinyesha inabeba potopoto, majani na vipande vya miti. Mdomoni mwa mto kuna bonde refu chini ya maji, ambalo linaanza ndani ya mto wenyewe. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2020, potopoto ilishuka katika bonde hilo zaidi ya kilometre 1.100, ikakata kamba za mawasiliano zilizolala chini ya bahari.

Mvuvi akichoma upondo wake katika matope ya kando ya mto, mapovu yanatoka. Ni majani yanayooza, na ndani ya mapovu hayo kuna gazi inayoitwa methani. Chini ya bahari pia vijidudu vinafanya kazi hiyo hiyo. Lakini kule maji ni baridi sana na uzito wake unagandamiza kwa nguvu. Hapo maji na methani vinashikana pamoja, vinakuwa kitu cheupe kama barafu. Wataalamu wanakiita hidrati ya gazi. Ukikiwasha, kinawaka! Metre moja ya ujazo inafungia karibu metre 160 za ujazo za gazi.

Je, ziwa Kivu? Methani iko mingi mle, lakini hidrati hakuna. Kina chake kinafika metre 485 tu, na maji ya chini yana joto la nyuzi zaidi ya 20.

Sasa, namna gani kuijua hidrati iliyofichwa? Watafiti wanashusha bomba refu kutoka melini, wanachota potopoto. Taabu iko hapa: bomba likipanda, uzito wa maji unapungua, joto linaongezeka, hidrati inayeyuka na gazi inatoroka. Mara nyingi wanaikosa machoni kabisa. Wanakamua basi maji yaliyobaki kati ya chembe za potopoto, wanapima chumvi yake.

Juu ya nini chumvi? Sisi wenyewe tulijaribu kwa chupa ya maji ya chumvi na frigo ya jirani mmoja mjini. Barafu ilipoanza kushika tuliitoa, tukaisuuza, tukaionja: chumvi yake ilikuwa kidogo kuliko ya maji yaliyobaki. Hidrati nayo inaikataa chumvi. Ikiyeyuka, inatoa maji matamu, nayo yanapunguza chumvi ya maji yaliyokuwa kando yake. Maji ya bahari yana karibu gramu 19 za kloruri kwa litre. Tukipata 17,1, ni kusema sehemu moja ya kumi hivi ilikuwa hidrati. Hesabu ya darasa la nne!

Shahidi wa pili ni sulfati. Inatoka katika maji ya bahari na kushuka ndani ya potopoto. Methani inapanda kutoka chini. Vikikutana, vijidudu vinavila vyote viwili. Kama sulfati inakwisha karibu na uso wa potopoto, methani inapanda kwa nguvu. Vijidudu hivyo vinatusaidia, kwa sababu methani ikifika hewani inashika joto la dunia kupita hewa ya moshi.

Lakini tuwe waangalifu. Udongo wa mfinyanzi ulio chini sana unaweza pia kutoa maji matamu. Shahidi mmoja hatoshi kukata neno, lazima kulinganisha.

Kazi hii imefanywa mbele ya mdomo wa mto wetu. Watafiti wa Ufaransa, katika mpango ulioitwa ZAIANGO (1998-2000), waligundua shimo la Regab: upana karibu metre 800, kina cha maji karibu metre 3.160. Hidrati imeokotwa kule. Upande wa kaskazini meli ya Ujerumani, Meteor, ilichota potopoto katika mashimo mengine, na maji yake yakapimwa vivyo hivyo.

Basi, ndugu yetu uliyeuliza, jibu ni hili. Majani ya Luama yanaweza kulala chini ya bahari ile. Na kloruri ile ile uliyoiona ikitia weupe katika kikombe chetu cha kioo, ndiyo inamwambia mtafiti habari ya kitu kilichokwisha kuyeyuka kabla hajakiona. Laboratware yetu ni meza moja na chupa chache, lakini njia ya kupima ni moja. Usiicheke tena, ishike vizuri mpaka siku ya mtihani, na kupita hapo.

Sisi wa darasa la sita