Hidilyn Diaz: Kilo 127 zilizokata kiu ya miaka 97

Usiku wa Julai 26, 2021, jijini Tokyo, China ilikuwa inaiona dhahabu ya Olimpiki ya kunyanyua vitu vizito, uzani wa kilo 55 kwa wanawake. Liao Qiuyun alikuwa amenyanyua kilo 126 na kuongoza. Alibaki mtu mmoja, Hidilyn Diaz wa Ufilipino, na jaribio moja tu. Akaomba kilo 127.

Aliinama, akakamata chuma, akakipandisha hadi mabegani. Akavuta pumzi, kisha akakisukuma juu ya kichwa, mikono imenyooka. Alipokiachia, machozi yalimbubujika. Jumla ya minyanyuo yake miwili ilikuwa kilo 224, rekodi ya Olimpiki, na kilo moja tu zaidi ya Liao. Ufilipino, iliyoanza kushiriki michezo hiyo mwaka 1924, ilikuwa imepata dhahabu yake ya kwanza. Wimbo wa taifa ulipopigwa, Diaz, askari wa jeshi la anga, alipiga saluti huku akilia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Diaz aliinama miaka mingi. Alizaliwa mwaka 1991 Zamboanga, kusini mwa nchi hiyo, katika familia ya watoto sita. Baba yake alisafirisha abiria kwa pikipiki ya magurudumu matatu, baadaye akalima na kuvua samaki. Binti alibeba madumu ya maji ya nyumbani, na mazoezi yake ya mwanzo aliyafanya kwa mabomba ya plastiki na vizito vya zege vilivyotengenezwa mtaani.

Akiwa na miaka 17 alishiriki Olimpiki ya Beijing 2008 na kurudi mikono mitupu. London 2012 alibeba bendera ya nchi yake, lakini akashindwa kumaliza shindano. Hakukata tamaa. Rio 2016 alitwaa fedha, medali ya kwanza ya Ufilipino katika miaka 20, na ya kwanza kabisa kwa mwanamke wa nchi hiyo.

Ungedhani baada ya hapo njia ilinyooka. Haikuwa hivyo. Mwaka 2019 jina lake lilitajwa katika mchoro uliodai kuna njama za kumwangusha Rais Rodrigo Duterte. Alikana, akasema anahofia usalama wake na wa familia yake. Mwaka huohuo alijitokeza hadharani kuomba wafadhili wa maandalizi yake ya Tokyo. Janga la korona lilipoingia 2020, lilimkuta Malaysia, mbali na nyumbani. Kumbi za mazoezi zikafungwa, naye akafunga chupa kubwa za maji kwenye fimbo ya mwanzi na kuendelea kunyanyua.

Baada ya dhahabu, mambo yaligeuka. Akamiminiwa mamilioni ya peso na nyumba, na jeshi likampandisha cheo. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia mjini Bogotá. Paris 2024 hakufuzu, lakini heshima yake haikupungua.

Zawadi zile alizistahili zote. Ila zilikuja wakati tayari alikuwa amefika. Aliyezihitaji zaidi ni yule msichana wa madumu na vizito vya zege. Viongozi wa michezo, walimu na wazazi, wasichana wa namna hiyo mnao mitaani kwenu. Washikeni mkono leo, kabla ya medali.